Michezo Mipya kwa Kompyuta Kongwe: Upuuzi au Elimu?

Mwaka 2011 mchezo uitwao Prince of Persia ulikamilishwa kwa ajili ya kompyuta ya Commodore 64. Habari hii ingekuwa ya kawaida kama si tarehe yake. Mchezo huo ulitungwa na Mmarekani Jordan Mechner na kutolewa mwaka 1989 kwa kompyuta ya Apple II. Commodore 64 ilianza kuuzwa mwaka 1982, na kampuni iliyoitengeneza ilifilisika mwaka 1994. Basi mtu aliyeuhamishia mchezo huo katika mashine hiyo aliifanyia kazi, kwa saa zake mwenyewe, kompyuta ambayo kampuni yake ilikwisha kufa miaka 17 kabla. Wala hakuwa peke yake. Mwaka 2017 ulitoka Sam's Journey, mchezo mpya kabisa kwa mashine ile ile, na kila mwaka wapenzi wa kompyuta za zamani hutunga michezo mipya kwa mashine za namna hiyo.

Mwenye busara ataweza kuuliza: je, huu si upuuzi wa watu wazima wanaolilia utoto wao? Swali ni la haki. Lakini aliyechunguza kazi yenyewe ataona kwamba ndani yake mna elimu ambayo shule za sekondari zinaihitaji sana, nayo ni elimu ya kuifahamu mashine nzima, tangu umeme unapowashwa hadi picha inapotokea kwenye kioo.

Mashine yenyewe

Tuchukue mfano wa ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani iliyotolewa Uingereza na kampuni ya Sinclair mwaka 1982. Aina yake kubwa ya wakati huo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 48, yaani baiti 49,152. Picha moja ya simu ya siku hizi, yenye ukubwa wa megabaiti 3, ingejaza kumbukumbu za Spectrum 64. Kompyuta hiyo iliunganishwa na televisheni ya nyumbani, na programu zake zilihifadhiwa katika kaseti za kawaida za muziki.

Prosesa yake, iitwayo Z80, hupiga mapigo 3,500,000 kwa sekunde. Televisheni ya Uingereza huchora picha 50 kwa sekunde. Kwa hiyo, baina ya picha moja na nyingine, mtungaji wa programu ana mapigo yapatayo 70,000 tu. Sasa, picha nzima ya Spectrum huchukua baiti 6,912: baiti 6,144 za nukta na 768 za rangi. Amri ya Z80 ihamishayo baiti mfululizo hutumia mapigo 21 kwa kila baiti. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuzidisha mwenyewe: 6,912 mara 21 ni 145,152. Jibu hilo ni zaidi ya mara mbili ya mapigo yaliyopo.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba, kwa njia hiyo ya kawaida, mashine haiwezi kuchora upya kioo kizima kwa wakati, hata kama haina kazi nyingine. Mtungaji hana budi ajiulize: ni kitu gani kilichobadilika tangu picha iliyopita? Kama ni mtu mmoja aliyesogea hatua moja, basi afutwe mtu huyo na kuchorwa mahali papya, na mengine yaachwe kama yalivyo. Jambo hili halisemwi na mwalimu wala kitabu. Husemwa na hesabu.

Rangi nazo zina sheria yake. Kila mraba wa nukta 8 kwa 8 huruhusiwa rangi mbili tu. Mtu mwekundu akipita mbele ya mti wa kijani, ama mti utageuka mwekundu, ama mtu atageuka kijani. Watungaji hodari hupanga mandhari mapema ili mgongano huo usitokee, kama fundi wa kanga apangavyo pindo na mji kabla ya kutia rangi.

Elimu iliyomo

Z80 haina amri ya kuzidisha. Anayetaka kuzidisha namba kwa 10 huiandika kwa kizio cha 2, huisogeza nafasi moja kushoto ili apate mara 2, huisogeza nafasi tatu ili apate mara 8, kisha hujumlisha majibu hayo mawili. Kwa namba 7, hupata 14 na 56, jumla 70. Mwanafunzi aliyekariri vizio kwa ajili ya mtihani tu hapa huona kwa nini vilibuniwa.

Kompyuta ya leo ina nguvu nyingi mno kiasi kwamba huficha makosa ya mtungaji wake. Programu iliyotungwa ovyo huenda ikapita bila kuonekana, kwa kuwa kasi ya mashine hufunika uzembe. Katika mashine ndogo uzembe huonekana papo hapo: mchezo huchechemea, picha humetameta, au kumbukumbu hujaa. Tena mashine ndogo yaweza kujulikana yote na mtu mmoja, kila amri na kila baiti, jambo ambalo hakuna mhandisi awezaye kudai kuhusu simu aliyonayo mfukoni.

Historia inatoa ushahidi. Mchezo wa Manic Miner, uliopata sifa kubwa kwenye Spectrum mwaka 1983, ulitungwa na Matthew Smith, kijana ambaye alikuwa hajatimiza miaka 18. Kampuni ya Acorn, iliyotengeneza kompyuta ya BBC Micro kwa ajili ya shule na nyumba za Uingereza, ilikuwa na wahandisi wawili, Sophie Wilson na Steve Furber. Hao ndio waliobuni prosesa ya ARM, ambayo chipu yake ya kwanza ilifanya kazi mwaka 1985. Leo karibu kila simu-janja ina prosesa ya ukoo huo. Baadaye, Eben Upton na wenzake wa Cambridge walitambua kwamba vijana walioomba kusoma sayansi ya kompyuta walikuwa wamepungua, na kwamba ujuzi wao wa kutunga programu ulikuwa mdogo kuliko wa wale waliokulia kwenye kompyuta za nyumbani. Kwa sababu hiyo waliunda kompyuta ndogo ya bei nafuu, Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012.

Tanzania na darasa lililopita

Darasa hilo la miaka ya 1980 liliipita Tanzania. Mwaka 1974 Serikali ilikuwa imezuia uingizaji wa kompyuta nchini, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kompyuta zilipoenea, zilikuja zikiwa tayari zimefungwa: mashine za kutumiwa, si za kufunguliwa na kuulizwa maswali. Mara nyingi somo la kompyuta huanza kwa kutaja sehemu za mashine na kuishia katika kuandika barua na kupanga majedwali. Mwanafunzi huhitimu akiwa mteja mwema wa kazi za wengine.

Hata hivyo, mlango haukufungwa. Zipo programu ziigazo Spectrum na Commodore 64 kikamilifu, na nyingi hupatikana bure. Hufanya kazi katika kompyuta ya ofisini iliyochakaa, hubebwa katika flashi, na zikishapatikana hazihitaji intaneti. Shule yenye kompyuta tano kuukuu yaweza kuwa na Spectrum tano.

Mchezo wa kwanza kutungwa haufai kuwa wa mtu arukaye mapango. Bao linafaa zaidi. Ubao wake una mashimo 32, na kete zake ni 64. Shimo moja haliwezi kuwa na kete zaidi ya 64, na baiti moja hubeba namba hadi 255. Kwa hiyo ubao mzima hukaa katika baiti 32. Kusambaza kete shimo baada ya shimo ni mzunguko wa amri chache. Kisha huja maswali magumu: sheria za namua hutofautianaje na za mtaji? Nyumba ilindweje? Mwanafunzi atalazimika kumwendea babu ajuaye bao na kumwuliza kila sheria, kwa kuwa mashine haikubali jibu la "huwa tunafanya hivyo tu".

Watasema wengine kwamba hakuna mwajiri atafutaye mtungaji wa programu za Z80. Ni kweli. Lakini mwanafunzi wa fizikia hupima muda wa jiwe libembealo kwenye uzi, na hakuna atazamiaye kuajiriwa kubembeza mawe. Jiwe lilichaguliwa kwa sababu ni jepesi kueleweka, na sheria inayofundishwa nalo huenda mbali kuliko uzi. Watasema wengine kwamba michezo itawapotezea vijana wakati. Kucheza kwaweza kupoteza wakati. Kutunga mchezo ni kazi ya hesabu, mantiki na subira, na kijana asiyemaliza kutunga hana cha kucheza.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Taifa linalotaka wahandisi wa kuunda mashine za kesho halina budi liwape vijana wake, leo, mashine moja wanayoweza kuijua yote. Gharama yake ni flashi moja, kompyuta kuukuu, na mwalimu aliye tayari kusema mbele ya darasa: "Hili silijui, tulihesabu pamoja."