Ramani Isikupunje

Iwapo safari itakufikisha London, pengine kwenda kumtazama mwanao aliyeko masomoni, hutamaliza siku mbili kabla ya kushuka chini ya ardhi. Huko imo reli kongwe kupita zote za aina yake duniani. Ilianza kuchukua abiria tarehe 10 Januari, 1863, baina ya Paddington na Farringdon, mabehewa yakivutwa na injini za moshi.

Ramani yake ni nzuri mno, nayo ndiyo itakayokupunja. Harry Beck, aliyebuni mtindo wake mwaka 1931, aliuweka kando umbali halisi, akainyosha mistari mithili ya mchoro wa nyaya za umeme, ili abiria ajue tu apande wapi na abadili wapi. Mgeni asiyelijua hilo hulipa nauli kutoka Leicester Square hadi Covent Garden, vituo visivyoachana hata mita 300! Kisha, akikosa subira ya kungoja lifti, hukabiliwa na ngazi yenye vipandio 193. Angalitembea juu, angalifika jasho halijamtoka, na fedha ingalibaki mfukoni.

Nauli hulipwa kwa kugusisha kadi langoni, uingiapo na utokapo. Usipoigusisha wakati wa kutoka utatozwa nauli ya juu kabisa, kwani mashine haijui umeshukia wapi. Mke na mume hawawezi kuingia pamoja kwa kadi moja. Watoto walio chini ya miaka 11 husafiri bure wakifuatana na mtu mzima, mradi wasizidi wanne. Siku za kazi subiri hadi saa tatu na nusu asubuhi ipite, nauli ishuke. Msongamano nao hupungua, ingawa wewe uliyezoea kugombea basi huenda usiuone kitu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni hao watoto. Milango ya treni hujifunga, haimngoji mtu. Patana nao kabla hamjaondoka nyumbani: aliyeachwa asiondoke pale aliposimama, aliyechukuliwa na treni ashuke kituo kinachofuata, amtafute mfanyakazi wa reli, angoje papo hapo. Mtoto wa miaka saba hulishika hilo akirudiwa mara mbili. Mwandikie pia nambari yako ya simu kwenye karatasi, uitie mfukoni mwake.