Iliki Ikikwisha

Wanachama wenzangu, Kisiwani nikitajacho leo si hiki chetu cha mikarafuu. Ni Kisiwani ya Same, chini ya milima ya Upare, bara kabisa. Nilifikia huko kwa jamaa. Mama wa nyumba alikuwa akikanda maandazi, akakuta iliki imekwisha. Akatwanga tangawizi, maana kule juu Mamba Miamba yalimwa kwa wingi. Tulikula, tukashukuru, lakini tangawizi huwasha ulimi, hainukii kama iliki. Nikamwuliza, karafuu je? Akacheka: aliijaribu zamani, kijiko kwa kijiko, watoto wakatema.

Simlaumu. Karafuu ina mafuta makali, yale yale yatiayo jino ganzi. Penye kijiko cha iliki ya unga, robo kijiko cha karafuu yatosha, na mdalasini kidogo wa kuipoza. Nani alimwambia? Sisi twajua pishi na gunia, twangoja wanunuzi wa India na Singapore, na jikoni kwa jirani hatujafika. Nataka kila pakiti ya karafuu iendayo bara iandikwe kipimo hicho, kwa herufi kubwa, ndipo mama yule ainunue mara ya pili.