Kilima Ndicho Shahidi

Juzi kwa fundi baiskeli nilikuta wazee wawili wakibishana. "Mimi nilipigana vita vya Kagera, mwaka 1979!" "Acha, bwana! Hukufika hata Mutukula, ulibaki nyuma ukipika ugali. Na baiskeli yenyewe huiwezi, kilima cha kanisa wakipanda kwa miguu!" Mara akapita kijana, anasukuma baiskeli, mama yake mgonjwa juu ya keria, wanakwenda zahanati. Hakuna aliyeinuka. Nami, nakiri, nilikuwa nacheka tu.

Basi, wamjua Gino Bartali, Mkatoliki wa Italia? Alishinda mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa mwaka 1938, tena 1948. Yeye alikuwa na la kujivunia! Lakini habari zake za wakati wa vita hakupenda kuzisimulia. Alikufa mwaka 2000. Mwaka 2013 Yad Vashem ya Yerusalemu ilimheshimu kwa kupeleka kwa baiskeli hati za kuwaokoa Wayahudi.

Debe tupu haliachi kuvuma. Ukitaka tujue u askari, tena wakiweza kilima, inuka, ndugu, ukamsaidie yule kijana kusukuma.