Kilabu cha Nyumbani Kando ya Ziwa Kivu

Huko Rusizi, kusini mwa Ziwa Kivu nchini Rwanda, katika sehemu iliyojulikana zamani kwa jina la Cyangugu, kilabu cha pombe ya kienyeji kwa kawaida huwa mali ya familia moja. Sababu si mila tu. Pombe ya ndizi, iitwayo urwagwa, haikai. Siku chache baada ya kuiva huwa chachu mno. Kwa hiyo hunywewa pale pale ilipotengenezwa, uani kwa mwenyewe.

Kazi yake yahitaji mikono mingi. Ndizi huvundikwa shimoni hadi ziive, hukamuliwa pamoja na majani makavu, kisha maji yake hutiwa unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa yachachuke.

Mwaka 1957 kampuni ya bia ya Bralirwa ilianzishwa Gisenyi, kaskazini mwa ziwa hilo hilo. Bia ya chupa hukaa. Mwenye kilabu akaweza kuwa muuzaji tu. Hata sambaza za kukaanga, ambazo mgeni hudhani ni za asili ya Kivu, zilipandikizwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950.

Mwaka 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalimaliza familia nzima nzima, na maelfu ya watu wengine wakakimbilia Bukavu, ng'ambo ya mto. Mtungi hununuliwa mwingine, lakini kipimo cha unga alichokijua bibi hakikuandikwa popote. Palipobaki wa kufundisha, vijana bado huvundika ndizi nyuma ya nyumba, na chupa za Gisenyi zimepangwa mbele.