Ametolewa kwenye kifusi akiwa hai, lakini hatari haijaisha

Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, Novemba 16, 2024, wengi wetu tulifuatilia hesabu mbili: waliokufa na waliookolewa. Lakini katika ajali za namna hii, mtu anaweza kutolewa akiwa anazungumza, kisha akazidiwa saa chache baadaye. Kwa nini?

Paja au mguu ukibanwa kwa saa kadhaa, misuli huanza kufa. Uzito ukiondolewa, damu hurudi mguuni na kusambaza mwilini vitu vilivyovuja kutoka kwenye misuli hiyo. Potasiamu ikizidi kwenye damu, moyo unaweza kusimama ghafla. Mayoglobini, protini inayoipa misuli wekundu wake, huumiza figo.

Uturuki iliyaona hayo baada ya tetemeko la Marmara, Agosti 17, 1999. Madaktari waliorodhesha majeruhi 639 wenye matatizo ya figo, na 477 kati yao walisafishwa damu kwa mashine.

Kwetu, mashine hizo zipo zaidi kwenye hospitali kubwa. Anayefukiwa kwenye shimo la mchanga, kisima au mgodi mdogo kijijini yuko mbali nazo. Kwa hiyo matibabu yanapaswa kumfuata pale alipo. Miongozo ya madaktari inashauri dripu ya maji ya chumvi ianze, ikiwezekana, kabla hajanasuliwa. Maana yake ni kwamba simu ya kumwita mhudumu wa afya ipigwe mara tu majembe yanapoanza kazi, tusingoje mpaka mtu atolewe.

Msikilizaji, yapo unayoweza kufanya. Angalia saa, ili mganga ajue mtu alibanwa kwa muda gani. Akishatolewa, apelekwe hospitali hata kama anasema yuko salama. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi, au kutopata mkojo kabisa, ni dalili ya hatari. Usimpe madafu wala ndizi ili apate nguvu, kwani vyote vina potasiamu nyingi. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni nazo zinaweza kuzidisha madhara ya figo.

Serikali za vijiji na wenye machimbo wana la kujibu pia: je, namba ya simu ya kituo cha afya inajulikana na kila anayeshuka shimoni? Hilo halihitaji bajeti, na linaweza kufanyika leo.