Kichwamaji si adhabu ya Mungu, jamani!

Leo sina habari za bumu wala foleni ya kantini. Nina ugomvi na ninyi mliokuwa semina ya fasihi juzi.

Mada ilikuwa Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1974. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, haoni maana ya maisha na mwisho anajiua. Mtoto wake alizaliwa na kichwa kikubwa, kama yule wa Manase. Je, kile kichwa ni sitiari ya nini? Nusu ya darasa mkajibu fasta: adhabu! Baba zao walikuwa wahuni, Mungu kawalipa. Mkapigiana makofi.

Mimi nakataa. Asubuhi mnaiita riwaya ya udhanaishi, jioni mnaisoma kama mahubiri? Kwa Camus na Sartre hakuna hakimu huko juu anayegawa viboko. Mtu anauliza kwa nini, ulimwengu unanyamaza. Mtasema ugonjwa wa baba umo kitabuni. Sawa, umo. Lakini ugonjwa ni chanzo, siyo hukumu.

Mimi nasoma hivi: kichwa kimeuzidi mwili. Mtaani kichwamaji ni mtu asiye na akili, ila Kazimoto anaumizwa na akili iliyozidi. Kasoma, karudi kijijini na maswali ambayo hawezi kuyaishi, na hayo ndiyo anayomrithisha mwanawe. Ni sisi hao!

Mnaona nabishania maneno tu? Njooni kwetu Kanazi, Ngara. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo anamfunika kanga akienda kliniki, maana watu wananong'ona: "Huyu alifanya nini?" Hakufanya kitu. Maji ya ubongo yanajaa yakikosa njia ya kupita. Wengine huzaliwa hivyo, wengine hupata maambukizi wakiwa wachanga. Madaktari hupasua na kuweka mrija wa kuyapunguza, na kuwahi ni muhimu sana. Mama akishaamini amelaaniwa, ataanzia kwa mganga, na kichwa hakisubiri.

Kwa hiyo jibu lenu la semina na umbea wa kisimani ni kitu kimoja, tofauti ni kwamba ninyi mnapewa maksi.

Kezilahabi alifariki 2020, hawezi kuja kujitetea. Anayebisha aje na ukurasa wa kitabu, asije na mahubiri. Nawasilisha.