Spartacus Hakuwa Mtu wa Bahati

Kila unapotajwa uasi wa watumwa wa Italia wa mwaka 73 hadi 71 KK, ulioongozwa na Spartacus, madai yaleyale hurudiwa. Tukumbuke kwamba hakuna hata mstari mmoja uliotufikia kutoka kwa mtumwa aliyepigana vita hivyo. Hata hivyo, ushahidi wa Plutarch na Appian, waandishi waliokuwa raia wa dola ya Roma, unatosha kuyajibu.

Dai la kwanza: Lilikuwa genge la watoro waliobahatika.
Bahati haisuki kamba. Magladieta wapatao 70, watumwa waliofunzwa kupigana mbele ya watazamaji, walitoroka mji wa Capua na visu vya jikoni. Kamanda wa Roma, Claudius Glaber, na askari 3,000 waliwazingira juu ya Mlima Vesuvius, wakaifunga njia pekee ya kushukia. Watoro wakasuka ngazi za mizabibu-mwitu, wakateremka gengeni pasipolindwa, wakalipiga jeshi kutoka nyuma. Baadaye, katika mji wa Thurii, Spartacus alipiga marufuku dhahabu na fedha kambini, akanunua chuma na shaba za kuundia silaha. Nyara aligawa sawa kwa sawa, na Appian anasema hilo lilimvutia watu wengi.

Dai la pili: Kila kitu kilikuwa kazi ya mtu mmoja.
Watoro walijichagulia viongozi watatu: Spartacus, Crixus na Oenomaus. Jeshi lao lilichanganya Wathrace, Wagauli na Wajerumani, pamoja na wachungaji na hata vibarua huru wa mashambani. Hapo ndipo palipokuwa na nguvu yao, na udhaifu wao pia: mwaka 72 KK Crixus alikuwa amejitenga na kundi lake alipouawa karibu na Mlima Garganus.

Dai la tatu: Alikusudia kuufuta utumwa na kuiangusha Roma.
Tunaochukia utumwa tungependa iwe hivyo, lakini hakuna ushahidi kwamba alipanga kuufuta. Kwa Plutarch, shabaha ilikuwa kuvuka milima ya Alps, kila mtu arudi kwao. Aliwashinda makonsuli wote wawili, watawala wakuu wa Roma, kisha gavana Cassius karibu na Mutina. Njia ya Alps ikawa wazi, lakini jeshi likarudi kusini. Plutarch anasema wafuasi walilewa wingi wao, wakakataa kumsikiliza. Appian naye anasema aliwahi kuifikiria Roma, akaacha kwa kuwa hakuwa tayari. Huo ni uamuzi wa mtu anayeujua uwezo wake.

Dai la nne: Alijitia mtegoni kwa ujinga.
Huko kusini alipatana na maharamia wa Kilikia wamvushe hadi Sisilia; wakapokea zawadi, wakamtelekeza. Kamanda wa Roma, Crassus, akachimba handaki kutoka bahari hadi bahari ili kumfungia. Usiku wa theluji, Spartacus akafukia sehemu yake kwa udongo na matawi, akavusha theluthi ya jeshi lake.

Dai la tano: Alisulubiwa.
La. Alikufa akipigana, na maiti yake haikupatikana. Waliosulubiwa ni mateka 6,000, kando ya barabara ya Capua hadi Roma.

Spartacus alishindwa kwa sababu Roma iliweza kuleta jeshi jipya kila moja liliposhindwa, naye hakuwa na dola ya kumpa jingine. Anayemwita mbabe tu mwenye bahati anarudia dharau ya mabwana: kwamba mtumwa ana mikono lakini hana akili.